Mkono Mwingine wa Maman Colombe

Kwetu Nyalukemba, mjini Bukavu, mtu akitaka kujua kama mchumba wa binti yake ni mtu wa kweli, anauliza mashangazi. Wakikosa jibu, anamuuliza padri. Lakini kwa miaka mingi kulikuwa na njia nyingine: unatafuta karatasi yoyote ambayo kijana huyo ameiandika kwa mkono wake, unaikunja vizuri, unaitia mkobani, unampelekea Maman Colombe.

Maman Colombe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali kwenye mteremko unaotazama ziwa, nami nilikuwa jirani yake. Jiko langu na jiko lake yanategemea ukuta mmoja. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe tukichambua majani ya sombe uani.

Alikuwa mtu wa kuwaza. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji na milima ya Rwanda haijaonekana, ungemkuta ameketi mlangoni na kikombe cha chai, macho yake yako mbali. Ukimsalimia mara ya kwanza hasikii. Ukirudia, anashtuka na kutabasamu kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

"Uko unawaza nini, maman?" nilimuuliza siku moja.

"Niko naangalia batu banapita."

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu. Akacheka, akanieleza kwamba jana yake alikuwa amesoma karatasi za watu, na kwake kila mwandiko una mwendo wake. Kuna unaopanda kichwa mbele, kama mama aliyebeba mzigo kutoka bandarini. Kuna unaotembea wima katikati ya barabara kama mwenye cheo. Kuna unaojibana pembeni, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaoogopa mbwa. Akifumba macho, alisema, anawaona wote wakipita mbele yake polepole, na nguo zao, hata na harufu zao, na wengine wanageuka kumtazama.

Mambo hayo aliyapata akiwa msichana, katika lise, shule ya sekondari ya bweni ya watawa. Masera Agnès, mtawa aliyewafundisha saikolojia, alikuwa amesoma Ulaya, na huko, alisema, kuna kampuni ambazo hazimwajiri mtu kabla mjuzi hajautazama mwandiko wake. Elimu yenyewe aliiita grafoloji. Wasichana wengine walichora maua pembeni ya kaye, madaftari yao, wakingoja kengele. Colombe alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za nyumbani. Herufi o iliyofungwa kabisa ni ya mtu msiri. Mkia wa g ulio mrefu na mpana ni wa mtu apendaye maisha, chakula na kicheko. Mstari unaoshuka mwishoni ni wa mwenye huzuni. Na herufi t, angalia kile kijiti kinachoikata juu. Kikipanda, mtu ana matumaini. Kikishuka, tena kikiwa kinene mwishoni kama kichwa cha rungu, kaa mbali. Huyo ni mtu wa kupiga.

"Mukono haijue kudanganya," Masera Agnès alimaliza, na Colombe akayabeba maneno hayo mpaka kwao Miti alipomaliza masomo.

Huko Miti kulikuwa na kijana jina lake Apollinaire. Baba yake alikuwa mchuma majani katika shamba la chai. Yeye na Colombe waliimba pamoja kwaya, na baada ya misa walikuwa wakitembea njia moja hadi kwenye mikaratusi, halafu kila mmoja anaenda kwao. Apollinaire hakuwa msemaji. Jumapili moja alimtia karatasi mkononi, akageuka, akaenda haraka haraka bila kuangalia nyuma.

Colombe aliipeleka karatasi hiyo nyuma ya jiko, kwenye migomba. Aliifungua. Na kabla hajasoma neno, aliutazama mwandiko.

Vijiti vya t vilikuwa vinashuka. Vyote. Kila kimoja kilianza chembamba na kuishia kinene, kama rungu linalokuja chini. Kalamu ya biki ilikuwa imekandamizwa hata ukigeuza karatasi ungeweza kuusoma mwandiko kwa vidole. Mahali pamoja karatasi ilikuwa imetoboka.

Wakati huo dada yake mkubwa alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, uso umevimba, jicho moja halifunguki. Colombe ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto kila jioni. Sasa akasimama kwenye migomba na karatasi ile mkononi, na alivyoniambia, aliyaona maisha yake yote yanamjia kwa miguu mizito ya mwandiko ule. Jioni aliitia karatasi motoni. Alimtuma kiongozi wa kwaya apeleke jibu: hapana.

Apollinaire hakuuliza sababu. Mwaka uliofuata alimuoa Georgette, msichana wa Mudaka. Colombe alishuka Bukavu kufundisha, na hakupanda tena Miti isipokuwa kwa misiba. Wanaume wengine walimtaka, maana alikuwa mzuri na mpole, na kila mmoja kwa wakati wake aliombwa aandike mistari michache. Mmoja alikuwa na o zilizofungwa kama milango ya benki. Mwingine mistari yake ilipinda kama nyoka. Miaka ikapita namna hiyo, bila kelele. Hakujuta. Alijiona kama mtu aliyeruka kando ya barabara gari likapita.

Sifa zake zilienea. Mtu aliyemletea karatasi nyingi kuliko wote alikuwa Chadia, mwenye duka la vitenge mjini. Chadia ni wa ukoo wa Waislamu wafanyabiashara wa Uvira, mwanamke wa sauti kubwa, mwepesi wa kucheka. Kila aliyeomba kazi dukani kwake alitakiwa kuandika ombi kwa mkono, na maombi hayo Chadia alikuja nayo Jumapili alasiri pamoja na sambusa.

"Soma, maman. Nani ataniiba?"

Maman Colombe alizipanga karatasi mezani, akazitazama kwa muda mrefu huku chai ikipoa. "Huyu anapenda usafi. Huyu anachoka mbio. Na huyu Larissa, hapana. Angalia maandiko yake inaanguka nyuma, na o zote amezifunga. Muntu ya kujificha."

"Basi Larissa hapana," Chadia alisema, akiitia karatasi mkobani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mpaka msimu wa mvua mwaka juzi.

Maman Colombe alikuwa ametoka kumtembelea mgonjwa huko Muhumba, amepanda moto, yaani pikipiki. Mvua ilikuwa imekatika, lakini udongo mwekundu ulikuwa umeteremkia barabarani, na kwenye kona tairi ya nyuma iliteleza. Dereva aliumia goti kidogo tu. Yeye aliangukia mkono wa kulia. Alikaa na plasta kwa majuma mengi, na ilipokatwa, mkono uliotoka ndani haukuwa wake. Ulikuwa umekonda, umepauka, na kidole gumba kilikataa kukutana na vile vingine. Daktari alisema kwamba kitalegea kidogo, ila asitegemee sana.

Alirudi darasani. Aliposhika chaki ilianguka. Aliiokota, ikaanguka tena, na watoto wakanyamaza kimya ambacho, alisema, kilikuwa kibaya kuliko kama wangecheka. Mwandiko wake ulikuwa ndio uzuri wake. Hapa mtaani kuna wanaume wenye ndevu ambao mpaka leo a zao ni a za Maman Colombe. Direktrisi, mkuu wa shule, alimpa mwalimu mwingine amsaidie ubaoni, na yeye akawa anasimama pembeni akionyesha kwa fimbo kile ambacho mwingine ameandika.

Chadia ndiye aliyemtoa katika hali hiyo. Alikuja na supu ya kuku ndani ya termosi, akamkuta amekaa gizani, dirisha limefungwa mchana kweupe.

"Na mukono ya kushoto iko na ugonjwa gani?" aliuliza akifungua dirisha.

"Kushoto? Chadia, batoto banapigwaka juu ya ile."

"Batoto, ndiyo. Wewe nani atakupiga? Kwetu kushoto si mukono ya kula, lakini sijasikia pahali bamekataza kuandika." Akamwekea kaye mpya mezani, na biki. "Andika. Hata ubaya."

Akaandika. Kwa juma zima vilikuwa vijiti na mayai, kama vya watoto wake. Meza aliisogeza dirishani, na asubuhi, kabla ya shule, nilikuwa nikimuona kupitia wavu wangu wa jikoni: kichwa kimeinama, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Polepole herufi zilisimama. Halafu zikashikana. Halafu, bila yeye kujua ni siku gani, ukatokea mwandiko. Haukufanana hata kidogo na ule wa zamani. Ulikuwa mkubwa, umelegea, unakwenda unakotaka.

Asubuhi moja aliniita kwa kugonga ukuta. Nilipoingia alikuwa ameketi na kaye mapajani, anaangalia maji.

"Maman Bintu, leo nimemuona."

"Nani?"

"Huyu mwenye anaandika."

Akanisimulia kwa sauti ya chini. Alikuwa ameandika ukurasa mzima, kisha akafumba macho kama alivyozoea, na mwanamke akapita. Hakumjua. Mwanamke mpana, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa amekishika mkononi, anateremka kuelekea majini bila haraka na bila kuomba ruhusa ya mtu. Harufu yake ilikuwa ya embe na majani yaliyokatwa. Alipofika majini aligeuka kidogo, uso haukuonekana vizuri, lakini alikuwa akicheka.

"Angalia hii mikia ya g," alisema. Mikia ilikuwa mikubwa kama vikapu. "Sikukuwa na ile mu maisha yangu yote. Huyu bibi anapenda kula!"

Tulicheka sana. Na kweli, siku zile alibadilika, au alimfuata yule mwanamke kidogo kidogo, sijui. Alinunua kitenge cha manjano. Alikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, kwa pilipili katikati ya juma kana kwamba ni sikukuu. Alasiri moja nilimuona kwenye mawe ya ziwani, ameinua nguo mpaka magotini, maji yanamfikia kwenye nyama za miguu, anasimama tu hapo. Miaka yote aliyokaa juu ya ziwa sikuwahi kumuona analigusa. Alikaa mle majini hadi kivuli cha mlima kikamfikia, na aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyelala usingizi mzuri.

Halafu akaziona t.

Alikuwa amezoea kuutazama mwandiko ule kwa furaha, mikia yake, upana wake. Hakuwa ameukagua bado kama anavyokagua wa wageni. Jumapili moja, Chadia akiwa amechelewa, aliichukua kaye akaanza kuikagua kwa mchezo, kama kwamba ni ombi la kazi. Alifika kwenye t ya kwanza. Kijiti kilishuka, chembamba mwanzoni, kinene mwishoni. Akatafuta nyingine. Akageuza ukurasa, akapitisha vidole nyuma, akausoma mwandiko kwa vidole. Mahali pawili karatasi ilikuwa imetoboka.

Chadia na mimi tulimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Miye ni muntu ya kupiga?" alituuliza. "Museme kweli."

Kila mtu Nyalukemba anajua kwamba Maman Colombe hajawahi kumpiga mtoto hata kofi. Kuna wazazi waliolalamika juu ya jambo hilo. Tulimwambia hivyo. Hakusikia. Akatutolea habari ya Apollinaire, ambayo hakuwahi kumwambia mtu: karatasi, migomba, uso wa dada yake. "Ni ile ile," alisema, akiionyesha kaye kwa kidole. "Ni maandiko yake. Kama ni yeye ameandika na mukono yangu."

Chadia aliketi, akavua viatu. Alifikiri.

"Iko moja ao mbili, maman. Ao wewe ni mubaya na hatukujua. Ao masera yako alikosa."

"Hakukosa. Nimesoma batu miaka yote."

"Mm." Chadia alichezea bangili zake. "Larissa unamukumbuka? Ule wa kujificha? Iko dukani tangu mwaka jana. Nilimuchukua juu nilipenda vile alikunja kitenge. Ndiye namuachiaka funguo."

Maman Colombe alimtazama kama mtu anayeamka.

"Sasa juu ya nini unaniletea hizi barua?"

"Juu unapenda," Chadia alisema kwa upole. "Na miye napenda chai yako."

Jumamosi iliyofuata Maman Colombe alivaa kitenge cha manjano akapanda gari la Kavumu, linalopita Miti. Hakujua anakwenda kusema nini. Alitaka tu, aliniambia, kuuona mkono ulioandika ile karatasi. Ukungu ulikuwa mzito tangu mjini, na baada ya Mudaka gari lilikwenda kama linapita ndani ya pamba. Wanawake wenye mizigo ya kuni walitokea pembeni ya kioo, wakakaa kidogo, wakafutika. Alikuwa hana hakika kama anasafiri au anaota kwamba anasafiri. Aliposhuka Miti, mikaratusi ya zamani haikuwepo. Mingine midogo ilikuwa imeota mahali pake.

Alimuuliza mama mmoja wa sokoni, akaonyeshwa njia. Ilipita kando ya miti ya kenkina, ile ambayo magome yake hufanywa dawa ya malaria, ikaishia kwenye nyumba ya mbao na udongo, safi, na bustani ya kabichi mbele. Mwanamke mnene alikuwa ameinama kwenye kabichi, anatukana.

"Karibu, maman!" alisema aliponyanyuka. "Samahani, si wewe niko natukana. Ni mbuzi ya jirani. Unatafuta nani?"

"Natafuta kwa papa Apollinaire."

"Ni hapa. Miye ni Georgette, bibi yake."

"Miye naitwa Colombe. Tuliimba naye kwaya, zamani."

Georgette alimtazama tangu kitambaa mpaka viatu. Kisha uso wake wote ukafunguka. "Colombe! Colombe wa kwaya! Ingia, ingia, mwenyewe iko nyuma na miti yake."

Apollinaire alikuwa amechuchumaa uani, mvi kichwani, mbele ya miche ya parachichi. Anapandikiza. Alikata mche mmoja mlalo, akachukua kitawi cha mti mwingine, akakichonga kama ulimi mdogo, akakiingiza mahali pake taratibu, akafunga kwa ukanda wa plastiki. Hakuwa amesikia hatua. Maman Colombe alisimama kwenye kona ya nyumba akaangalia kisu. Kilikuwa kinakwenda kwa wepesi, kwa adabu, kama kinaogopa kuuamsha mti.

Kilikuwa katika mkono wa kushoto.

"Uko wa kushoto," alisema kwa sauti kabla ya kusalimia.

Apollinaire aliinua kichwa. Alimjua papo hapo, hilo lilionekana. Alifuta mikono kwa suruali, akaamka. "Tangu nizaliwe, Colombe," alisema. "Lakini mwalimu wetu wa kwanza alinifungaka huu mukono ku kiti na kamba. Naandika na kuume. Naandika mubaya mpaka leo."

Maman Colombe aliomba kiti.

Walimuingiza ndani, wakamkalisha chini ya dirisha. Georgette alileta ndizi za kuchemsha na maharagi, na chai yenye maziwa. Mgeni alikula, kisha akawaambia. Aliwaambia yote: Masera Agnès, vijiti vya t, dada yake, na jinsi alivyojua tangu mstari wa kwanza kwamba atapigwa.

Georgette aliweka kikombe chini. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akijipiga mapaja.

"Huyu? Kupiga? Maman, siku ya Noeli ni miye nashikaka kisu ya kuku! Yeye anaenda kutembea mpaka nimemaliza kutoa manyoya!"

Apollinaire hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Miye nilifikiri ni juu ya baba," alisema hatimaye. "Juu alikuwa anachuma majani ya chai, na wewe umesoma kwa masera. Nilimukasirikia sana, muzee. Miaka. Alikuwa ananisalimia naangalia pembeni. Hakujua juu ya nini."

Nje, kuku alikuwa akiparua. Maman Colombe alisogeza sahani yake kando. Alisema "Pole" tu, na Apollinaire akaitikia kwa kichwa. Baadaye akaongeza kwamba walipatana kabla muzee hajafa, na kwamba huyo muzee ndiye aliyemfundisha kupandikiza.

"Ile barua," Maman Colombe aliuliza, "ulisema nini ndani?"

Apollinaire alishtuka. "Hukuisoma?"

"Niliiangalia. Kila herufi naikumbuka. Maneno, hapana." Alipoyasema hayo, aliniambia, alihisi kama mtu aliyefungua sanduku lake la miaka yote akakuta nguo za mtu mwingine. Alikuwa amewaona watu wengi sana wakipita. Hakuwa amemsikiliza hata mmoja anasema nini.

Apollinaire alimtazama mkewe.

"Mwambie," Georgette alisema. "Tumeshazeeka siye wote. Miye nilikuja, nikabaki, nimezaa. Barua itanifanya nini?"

"Niliandika juu ya nyumba," Apollinaire alisema. Aliinamisha uso kama kijana. "Kwamba nitajenga nyumba, na itakuwa na dirisha ya kuangalia Kahuzi, juu asubuhi ukungu ikipanda mulima inatoka polepole, unaona kwanza kichwa. Ni ile tu. Sikujua kusema bintu vingine." Akaonyesha kwa kidevu. "Ni ile dirisha iko nyuma yako."

Maman Colombe aligeuka. Ukungu ulikuwa bado umefunika, lakini kwa juu ulikuwa umeanza kuwa mweupe, na ndani ya weupe huo kulikuwa na kitu cha bluu, chepesi sana, ambacho kingeweza kuwa mlima au kumbukumbu yake. Watatu walikaa wakikitazama. Aliniambia kwamba hakuhisi wivu wala hasara. Alihisi amechelewa mahali, na waliofika kabla yake wamemwekea chakula.

Georgette alimmiminia mgeni chai nyingine.

"Sasa, wewe ni mwalimu. Miye sikusoma. Unifundishe kuandika."

"Bwana yako hakukufundisha?"

"Huyu!" Georgette alimgeukia mumewe. "Akishika biki anatoka jasho, anakunja sura, anakandamiza meza. Mu maisha yangu nimemuogopa siku moja tu, siku alijaribu kunifundisha a!"

Safari hii hata Apollinaire alicheka, na Maman Colombe alicheka mpaka akashika kifua.

Tangu hapo, Jumamosi zake ni za Miti. Karatasi za wachumba bado zinafika mlangoni kwake. Watu hawaachi desturi upesi. Anachofanya sasa ni kuvaa miwani na kuisoma karatasi kwa sauti, tangu juu mpaka chini, kisha anauliza: "Amesema hivi. Weye unasikia namna gani?" Wengine wanakasirika, wanasema amezeeka, amepoteza uwezo. Chadia bado anakuja na sambusa, ila bila maombi ya kazi, na wakati mwingine anamleta Larissa, ambaye ni msichana wa aibu mwenye kicheko cha ghafla. Darasani Maman Colombe anaandika ubaoni kwa kushoto. Na kama kuna mtoto anayeshika chaki kwa kushoto, anamuacha.

Miandiko je, bado inapita mbele yake asubuhi? Nilimuuliza. Alisema inapita, mingi tu, ila sasa yeye haiulizi inakwenda wapi.

Juzi alirudi kutoka Miti anacheka peke yake njiani. Nilimsikia kabla sijamuona. Georgette, baada ya miezi ya kuchora vijiti na mayai, alikuwa ameandika sentensi yake ya kwanza bila kusaidiwa. Hakutaka kuandika jina lake. Hakutaka sala wala salamu. Alikaa mezani chini ya dirisha, akaandika kwa herufi za kila ukubwa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama juu ya mabega ya wenzao: *Mbuzi yako inakula kabichi yangu.* Akaipuliza wino ukauke, akachukua msumari na jiwe, akavuka uwanja kwenda kuigonga kwenye mlango wa jirani, na Maman Colombe na Apollinaire wakabaki kizingitini wakimsikiliza anavyoupiga msumari.